Chumvi ya Ng'ombe

Kati yangu na rafiki yangu muuza samaki wa Busia, neno nguruwe halikuwahi kutamkwa. Hatukuwekeana sheria. Ilikuja yenyewe, kama mtu anavyovua viatu mlangoni kwa mwenyeji bila kuambiwa. Yeye ni Mwislamu, ana ghala la samaki wa chumvi upande wetu wa mpaka, wa Uganda, karibu na pale malori yanapopanga foleni. Mimi ni Mkristo wa kijiji cha Kwapa. Nina mihogo, mtama, ng'ombe wachache, na nyuma ya jiko kuna banda la nguruwe. Tukikaa ghalani kwake kunywa chai ya tangawizi, huniuliza habari za watoto, habari za mvua, kisha mifugo. Nami hujibu kwamba ng'ombe hawajambo.

Na kwa kweli banda lile halikuwa langu. Kwetu ng'ombe ni wa mwanamume, kuku na nguruwe ni wa mwanamke. Mwanamume mwenye akili haingii huko isipokuwa ameitwa kupigilia ubao.

Miaka michache iliyopita homa ya nguruwe ilipita Kwapa na kumaliza mabanda yote. Mke wangu alizika wake wote nyuma ya mihogo, kwa jembe lake mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Baadaye wanawake wa kanisani kwake wakaanza mpango wa kupokezana. Mmoja anapewa nguruwe jike mchanga, anamlea, na katika uzao wa kwanza, kabla hajauza wala kuchinja chochote, anatoa jike mmoja kwa mwenzake anayefuata. Mwenzake naye anafanya vivyo hivyo. Ukikatiza mnyororo hakuna anayekushtaki popote, lakini utaketi kanisani na migongo yao.

Zamu ya mke wangu ilichelewa. Ilipofika, alirudi nyumbani na mtoto wa nguruwe ndani ya gunia, kichwa kikiwa nje, amempakata kama mgonjwa. Baada yake aliyefuata kwenye zamu alikuwa mjane jirani yetu, ambaye ua wake umepakana na wetu. Nguruwe alipokua na kupandwa, yule mjane hakungoja azae. Alijenga banda mara moja: nguzo za mkalitusi, sakafu ya mawe aliyoyaokota mwenyewe shambani, paa la nyasi. Kila Jumapili akitoka kanisani aliegemea ua na kuuliza, "Mkwe wangu anaendeleaje?" Alimwita mkwe kwa sababu ndiye angempa binti. Mke wangu alimjibu, "Mkweo amelala, hataki wageni." Wakacheka.

Ndipo binti yetu aliyeolewa upande wa Kenya akajifungua, na mama yake akaitwa kwenda kumlea. Asubuhi ya safari, begi likiwa tayari, alinisimamisha mbele ya banda.

"Mzee, sikiliza. Machicha ya pombe asubuhi, pumba jioni. Maji wakati wote, beseni lisikauke. Na ukienda mjini, pita kwa yule msichana wa dawa za mifugo akupe unga wa tumbo na ule wa madini. Mwambie umetumwa na mimi, anajua."

"Nimesikia."

"Umesikia au umeitikia?"

"Nimesikia, mama."

Akaniangalia kidogo, akapanda pikipiki.

Alikuwa na sababu ya kuutaka huo unga. Nguruwe alikuwa na mimba kubwa lakini uti wa mgongo umejitokeza, na kinyesi chake kilikuwa laini kama uji. Chakula kilipita tu. Siku hizi huku kwetu kila duka linauza kitu cha tumbo la mnyama: pakiti za unga, chupa za maji ya kahawia yenye harufu ya mkate uliochacha, vitu vya kumfanya mnyama akue haraka. Mimi nilikuwa navicheka. Nilipofika kwa yule msichana nilikuwa nimekwisha kujiandaa kucheka.

"Karibu mzee. Mama hajambo? Amefika kwa mjukuu?"

"Amefika. Anasema unipe unga."

Akaweka pakiti mbili juu ya meza, kila moja ina picha ya nguruwe mnono kuliko nguruwe yeyote niliyewahi kumwona. "Hii ni madini na vitamini. Hii nyingine ina bakteria wazuri, wanakaa tumboni, wanasaidia chakula kisagike na kuzuia kuhara."

"Ninunue wadudu? Nyumbani ninao bure."

"Hao wa bure ndio wanaomharisha, mzee."

"Binti, mimi nilisoma biolojia mama yako akiwa bado anabebwa mgongoni."

"Basi ninyi ni walimu wetu," akasema, bila kukasirika. "Lakini chukua hata huu wa madini. Ana mimba."

Sikuchukua. Uwezo nilikuwa nao, na mke wangu alikuwa ameniagiza. Ila nilisoma hadi kidato cha nne, huko ng'ambo ya mpaka, na bado ninamwona mwalimu akiandika ubaoni kwamba protini hujenga mwili na madini hujenga mifupa. Nikajiambia: protini ni samaki, madini ni chumvi. Msichana ananiuzia kwa pakiti kitu ambacho rafiki yangu anakifagia sakafuni.

Nikatoka hapo moja kwa moja hadi ghalani.

Samaki wake ni mbuta, sangara wakubwa wa ziwani, wanapasuliwa, wanapakwa chumvi nyingi, wanakaushwa na kupangwa kama mbao, kisha malori yanawapeleka mbali. Chini hubaki takataka: mapezi, magamba, vipande vilivyovunjika, na chumvi chafu inayong'aa kama mchanga uliolowa mvua. Wapakiaji walikuwa wanaifagia kuelekea mlangoni, ambako daima huwa na ndoo ya maji. Miaka yote nilidhani ndoo ile ni ya kunawa miguu.

"Hii mnaitupa?" nikauliza.

"Tuitupe? Watu wa ng'ombe wanaigombania. Ng'ombe anaipenda kuliko mtoto na peremende."

"Niwekee gunia."

Akacheka hadi kofia ikasogea. "Ng'ombe wako wameanza kula samaki? Wamehamia ziwani?"

"Kuna mmoja ana mimba, amekonda."

"Ah, maskini. Basi mwekee, alambe mwenyewe. Usimpimie, ng'ombe ana akili. Akitosheka anaacha, anakwenda zake mtoni kunywa."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Hapo palikuwa na nafasi. Ningesema tu, ndugu yangu, si ng'ombe, ni yule mwingine. Angekohoa, angetazama pembeni, tungemaliza. Lakini niliona ni kumchafulia ghala, akiwa amenipa gunia bure na chai juu yake. Nikasema asante, Mungu akubariki, nikafunga gunia nyuma ya baiskeli. Ushauri nilioubeba ulikuwa wa ng'ombe.

Mwanzoni nilijiona mtaalamu. Wakati huo kulikuwa na matanga katika boma la upande wa pili wa barabara, mzee mashuhuri, na kwa mazishi ya namna hiyo ajon hupikwa mitungi kwa mitungi. Ajon ni pombe yetu ya wimbi. Hunywewa kwa mirija mirefu, watu wakizunguka mtungi, na ikiisha nguvu hubaki machicha, wimbi lililolowa, ambalo ndilo chakula cha nguruwe wa nchi hii. Wanawake wa matanga waliniletea ndoo nzima nzima. Nilichanganya machicha na samaki wa gunia, sikupima. Nguruwe alikula hadi akalamba ubao. Kinyesi kikashikana. Manyoya yakalala. Nikawa natembea kwenda bandani hata pasipo na kazi.

Mjane akainama juu ya ua. "Mkwe wangu ameota mashavu! Umempa nini, baba?"

"Siri ya wanaume."

"Siri ya wanaume inanuka samaki?"

Jioni mke wangu alipiga simu kutoka kwa binti yetu. Nilisikia mtoto akilia nyuma yake.

"Ulimpitia yule msichana?"

"Nilimpitia."

"Ukanunua?"

"Nimempa kitu bora kuliko hicho."

"Kitu gani?"

"Ukirudi utaona mwenyewe."

Mke wangu akinyamaza kwenye simu husikia hata unavyopumua. "Na maji?"

"Yapo," nikasema. Na kweli yalikuwapo, kisimani.

Habari ya maji ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu samaki nilikosea kwa kutojua, lakini maji niliyajua. Ilikuwa kiangazi. Pampu ya kijiji ilikuwa inatoa maji kama mzee anayekojoa, na foleni ya majerikeni ilifika hadi barabarani. Wote pale ni wanawake na wasichana. Siku ya kwanza nilipofika na baiskeli na majerikeni yangu, walinipokea vizuri mno.

"Baba, mama amekukimbia?"

"Hajakimbia. Amekwenda kulea."

"Basi hayo maji ni ya nani? Umeoa?"

"Ni ya nguruwe," nikasema, na hapo nikawa nimewapa zawadi.

"Ee! Mwacheni apite, anamchotea mke mdogo! Mke mdogo ana mimba, msimcheleweshe!"

Walicheka bila ubaya, na walinipisha kweli. Mtu mwingine angecheka nao akarudi kesho. Mimi nilianza kwenda jua la utosini ambapo hakuna watu, na jua la utosini ni kali kwa mtu wa umri wangu, kwa hiyo nikaenda mara chache. Ng'ombe niliwapeleka mtoni, walijinywea. Nguruwe alikuwa na tabia ya kupindua beseni kwa pua ili alale kwenye tope. Nikamwekea, akapindua. Nikamwekea, akapindua. Mwishowe nikaliacha limefunikwa chini. Nilijiambia lile linalosemwa na kila mtu huku: nguruwe wa machicha hana haja ya maji, anakula maji. Na kwa machicha yale yaliyolowa, labda ingekuwa kweli.

Lakini matanga yana mwisho. Watu walinyolewa nywele, wageni wakaondoka, mitungi ikaoshwa na kuanikwa. Machicha yakaisha. Nikarudi kwenye pumba kavu za mahindi, na kwa kuwa hakuzipenda, niliongeza samaki na chumvi yake ili azile. Akazila.

Asubuhi moja niligonga ndoo kama kawaida, hakuja. Nikachungulia. Alikuwa amesimama kwenye kona, paji la uso limeegemezwa ukutani, anasukuma, kama mtu anayesukuma mlango aliofungiwa. Nikamwita. Sikio halikugeuka. Nikapiga makofi karibu kabisa na kichwa chake, hakushtuka. Kisha akauacha ukuta, akaanza kuzunguka, upande mmoja tu, akijigonga kwenye nguzo ile ile kila alipoifikia. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa na kazi.

Baadaye akakaa kitako kama mbwa. Pua ikaanza kutetemeka, shingo ikavutwa nyuma kama kuna mtu anaivuta kwa kamba, akaanguka kwa ubavu na miguu yote minne ikawa inapiga hewa.

Nilimwita mjane kwa sauti ambayo sikujua bado ninayo. Alikuja mikono ina unga. Tulichokiogopa wote wawili ni homa. Aliinama akatazama masikio, akatazama tumbo kama limekuwa jekundu. "Si homa," akasema. "Ile niliiona. Si hii." Akasimama, akazungusha macho bandani, yakatua kwenye beseni lililopinduliwa, tope chini yake limepasuka kwa ukavu. Aliliinua, akaliweka sawa, akaenda kwake kuleta maji.

Mimi nikampigia yule msichana wa duka.

"Amekula nini, mzee?"

"Pumba."

"Pumba na nini?"

"Na samaki."

"Dagaa?"

"Wa chumvi. Wa ghalani."

"Maji anakunywa?"

Mjane alikuwa anarudi na ndoo imejaa, anakimbia, maji yanamwagikia miguuni. Sikujibu, na yule msichana alielewa.

"Mzee, sikiliza vizuri. Usimpe maji mengi."

"Ana kiu, binti."

"Najua ana kiu. Umempa chumvi bila maji, imeingia hadi kwenye ubongo. Sasa maji yakiingia kwa haraka yataukimbilia ubongo, utavimba, atakufa mbele yako. Kikombe. Unangoja. Kikombe tena. Hivyo hivyo mpaka jioni, na kesho."

"Hakuna sindano?"

"Ya chumvi hakuna. Daktari wa mifugo yuko Molo, hapa jirani, nitamwambia apite akimaliza. Lakini na yeye atakuambia kikombe."

Tulipokuwa shule tulikata kiazi vipande viwili. Kimoja tulikitia kwenye maji ya chumvi, kikanywea na kulegea kama ulimi. Kingine tulikitia kwenye maji matupu, kikavimba, kikawa kigumu. Nilichora picha zote mbili kwa penseli, nikaweka mishale kuonyesha maji yanatoka wapi yanakwenda wapi. Mwalimu aliinyanyua karatasi yangu darasa zima lione. Mambo hayo yalikuwa kichwani mwangu miaka yote, yamekaa tu kama nguo ya arusi sandukuni.

Nilimzuia mjane mlangoni, nikamnyang'anya ndoo. Nadhani alifikiri nimerukwa na akili.

Nilichukua kikombe cha bati, kile cha chai yangu. Degedege lilipomwacha na akaweza kusimama, nilikipeleka mdomoni mwake. Alikuwa haoni wala hasikii, lakini harufu ya maji aliijua. Aliyamaliza kwa mvuto mmoja na kuendelea kukitafuna kikombe chenyewe, meno yakigonga bati. Nilikivuta. Akanifuata. Nilirudi nyuma, akanifuata, amenyoosha pua, anajigonga magotini mwangu, anasukuma mkono wangu kwa nguvu zote za mnyama mkubwa ambaye hataki kingine duniani isipokuwa kile nilichokificha mgongoni. Ilibidi nitoe ndoo nje ya banda, kisha niipeleke mbali zaidi, nyuma ya jiko, kwa sababu aliielekezea kichwa hata kupitia mbao.

Nilingoja. Nikampa kingine. Nikangoja.

"Baba, mwongeze," mjane akasema. "Huoni macho yake?"

"Nimekatazwa."

"Na nani?"

"Na wanaojua."

"Wanaojua hawapo hapa."

"Nikimpa atakufa."

"Na sasa je?"

Mjane akageuka, akakaa juu ya jiwe nje ya banda, kanga amejifunga kichwani, mgongo ametupa sisi wote wawili. Baadaye aliinuka na kuchuma majani ya viazi vitamu, akayachovya kwenye maji na kuyaleta yakidondoka. Tulimpa hayo. Aliyafyonza, hakuyala.

Katikati ya kikombe kimoja na kingine degedege lilirudi, na kila liliporudi lilikaa zaidi. Akianguka nilimshika kichwa kisijipige kwenye mawe. Wakati mmoja mkono wangu uliteleza hadi tumboni, nikahisi watoto. Walikuwa wanacheza. Huku mama yao akiwa amekakamaa, wao waligeuka na kusukuma kiganja changu kwa visigino vidogo. Nikamwita mjane aje ahisi, kisha nikajuta kumwita, kwa maana mmoja wao alikuwa wake.

Mke wangu nilimwambia kwa simu. Nilimwambia yote, ya samaki na ya maji, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kutunga. Alisema, "Nakuja," basi.

Nguruwe alikufa mchana huohuo, daktari akiwa bado hajafika na kabla mke wangu hajavuka mpaka. Degedege lilimkamata na halikumwachia, kisha likamwachia lote kwa pamoja. Tumbo lilikuwa bado linacheza. Mjane aliona kabla yangu. "Wako hai," akasema, "baba, wako hai, fanya kitu!" Nilishika simu nimuulize yule msichana kama watoto wanaweza kutolewa, na nikate wapi, na kwa kitu gani. Lakini huku mpakani simu ina tabia zake. Ilikuwa imedaka mtandao wa Kenya, na sauti ya mwanamke ikaniambia kwa upole kwamba sina salio la kutosha. Nikapiga tena, akaniambia tena. Nilikuwa na panga pale ukutani. Nililisogelea, nikalishika, nikasimama juu ya nguruwe, sijui pa kuanzia, naogopa kumkata mtoto nikitafuta kumwokoa. Tumbo likacheza kidogo upande wa kushoto. Kisha likatulia, na mimi bado nimesimama.

Mke wangu aliingia na begi mkononi na vumbi la barabara kwenye kope. Mjane alimpisha. Hakunitazama. Aliinama kwenye ubao wa chakula, akachota pumba zilizobaki kwa vidole, akazitia mdomoni, akatema. Kisha akamwangalia nguruwe kwa muda mrefu.

"Alikunywa maji?"

"Kidogo kidogo," nikasema. "Kama nilivyoambiwa."

"Kwa hiyo amekufa na kiu."

Hakupandisha sauti. Alikichukua kikombe mkononi mwangu, kikiwa na alama za meno ukingoni, akaenda nacho jikoni. Nikasikia anakiosha.

Vijana walipita kuuliza kama kuna nyama. Aliwarudisha. Tulimzika nyuma ya mihogo pamoja na wale wa homa, na safari hii aliniruhusu kushika jembe.

Siku iliyofuata nilikwenda dukani nikanunua pakiti zote mbili, za madini na za tumbo. Yule msichana alizifunga kwenye karatasi bila kuuliza ni za nini. Sijui hata mimi zilikuwa za nini. Ziko juu ya kabati la jikoni mpaka leo, nguruwe wa kwenye picha anatutazama tukila.

Nilikwenda kwa mjane nikamwambia nitampa mtamba mmoja kati ya ng'ombe zangu. Alicheka, akanishika bega kama anavyoshikwa mtoto. "Nitamfanya nini ng'ombe wa mwanamume, baba? Ndugu zako watakuja kumdai nikiwa bado nafunga kamba." Nikaenda kwa wanawake wa mpango wenyewe, nikasimama mbele yao na kofia mkononi, nikasema ninataka kununua nguruwe jike, mzuri, nimtoe badala yake. Walinisikiliza kwa heshima. Mwenyekiti wao akasema mnyororo haununuliwi sokoni; nguruwe wa yule aliyempa mke wangu atazaa tena, Mungu akipenda, na mke wangu atarudi mwisho wa zamu, na mjane atangoja. Mke wangu alikuwa ameketi nyuma. Nilipotoka hakuna aliyenitukana. Ingekuwa afadhali.

Mjane ameweka kuni katika lile banda. Nikipita hunisalimia. "Hata kuni zinahitaji nyumba," ananiambia.

Ilichukua muda kabla sijarudi ghalani. Rafiki yangu alinimiminia chai, akauliza watoto, akauliza mvua. "Na yule ng'ombe mwenye mimba?"

"Alikufa."

"Inna lillahi. Kwa kitu gani?"

"Kwa chumvi," nikasema. "Hakuwa ng'ombe."

Alikoroga chai yake, ingawa sukari ilikuwa imekwisha kuyeyuka. Nje lori lilikuwa linarudi nyuma, utingo anapiga ubavu wa gari kwa kiganja.

"Palikuwa na mbwa wa mlinzi hapa," akasema. "Alikuwa analamba sakafu. Bomba likakauka, hakuna aliyemkumbuka. Alizunguka, akazunguka, akafa pale unapoweka baiskeli yako. Ndiyo maana naweka ile ndoo mlangoni." Akaweka kijiko chini. "Ungesema, ningekuambia."

"Nilikuwa nakuheshimu."

"Najua."

Akaniongezea chai. Tukanywa. Hatukulitaja jina lake hata hapo.

Mvua za kwanza zilipokuja zilikuja na upepo, zikang'oa kipande cha paa la banda letu. Asubuhi nilikwenda kutazama. Lile beseni lilikuwa pale pale mjane alipoliweka, limesimama sawa, limejaa hadi ukingoni, maji safi ya mvua, na ndege mdogo amekaa juu yake anakunywa. Nilisimama hapo sijui kwa muda gani. Mke wangu alitoka jikoni na sahani za kuosha, akaniona.

"Mwaga hayo maji, mzee," akasema. "Yataleta mbu."

Nikayamwaga.